Sura ya Tano: Nimpake Nini?

Mtoto akimwagikiwa uji wa moto, swali la kwanza jikoni haliwi ameungua kiasi gani, wala apelekwe hospitali ipi. Linakuwa: nimpake nini? Na majibu hayakosekani. Jirani mmoja anakuja na dawa ya meno, mwingine na yai bichi, shangazi anamtuma kijana akatafute manyoya ya sungura, na fundi pikipiki akipita anashauri oili chafu. Uliza Omurushaka, uliza Kayanga hapa Karagwe, vuka uende Nkwenda au Isingiro upande wa Kyerwa, utapewa orodha ileile. Kila mshauri ana shahidi wake: yupo mtu fulani alipakwa hicho akapona.

Sura hii inalijibu swali hilo kwa neno moja, kisha inaeleza kwa nini si swali lenyewe. Jeraha la moto halitibiwi na kitu cha kupaka tu. Linatibiwa kwa kuwahi: kuna la kufanya katika dakika za mwanzo, kuna la saa za mwanzo, kuna la wiki, na kuna la miezi ambalo karibu kila mtu hulisahau. Kulisahau hilo la mwisho ndiko kunakowaacha watu na viwiko visivyonyooka.

Jibu: maji

Mpake maji. Maji safi ya kawaida, ya bomba au ya tangi la mvua, yatiririke juu ya palipoungua kwa dakika 20. Yasiwe ya barafu, kwa sababu barafu huumiza ngozi ambayo tayari imeumia.

Dakika 20 zinaonekana nyingi kwa sababu tunadhani mtu akishatolewa motoni moto umekwisha. Haujaisha. Joto lililoingia kwenye ngozi linaendelea kushuka chini na kuunguza, kama ndizi zilizoepuliwa ambazo bado zinaiva ndani ya majani yake. Maji yanalitoa joto hilo. Hata kama hukuwahi pale pale, maji bado yanasaidia ndani ya saa tatu tangu kuungua, kwa hiyo usiache kwa kusema muda umepita.

Najua pingamizi litakalokuja: maji yenyewe yako wapi? Wakati wa kiangazi kuna nyumba hapa ambazo ndoo moja imebebwa kutoka bondeni. Basi tupige hesabu. Jagi la lita moja, likimiminwa taratibu kwa dakika moja, mara 20, ni lita 20. Ni ndoo moja. Weka beseni safi chini, na yakipungua chota yaleyale umimine tena.

Wakati mmoja anamimina, mwingine avue nguo iliyolowa uji au chai, maana kitambaa hushika joto. Avue pia bangili, pete na shanga kabla mwili haujavimba. Nguo iliyogandia kwenye ngozi isivutwe. Ikatwe pembeni mwake. Sehemu nyingine za mwili zifunikwe, kwa sababu nyanda za juu za Karagwe zina baridi, na mtoto mdogo aliyelowa hupoteza joto haraka. Baada ya maji, funika jeraha kwa kanga au shuka iliyofuliwa, ikiwezekana iliyopigwa pasi. Malengelenge, yaani yale mapovu ya maji chini ya ngozi, usiyatumbue.

Mbona aliyewekewa manyoya alipona?

Alipona kwa sababu alikuwa apone. Kuungua kwa juujuu hufunga kwenyewe ndani ya wiki mbili hivi kukiachwa kuwe safi. Sungura anapewa sifa ya kazi iliyofanywa na ngozi yenyewe. Yule ambaye manyoya yaligandia kidondani, usaha ukajaa chini yake na homa ikapanda, hatajwi kama shahidi.

Dawa ya meno, unga, mafuta ya kupikia na oili vina dosari nyingine ya pamoja: vinafunika joto lisitoke, na vinamficha daktari kina cha jeraha. Muuguzi atalazimika kuvisugua ili aone, na anayesuguliwa ni mtoto yuleyule. Kuhusu asali, ni kweli zipo hospitali duniani zinazotumia asali kwenye vidonda, lakini hiyo imesafishwa kitaalamu kuua vijidudu. Asali ya chupa ya sokoni si hiyo.

Lipo hata jambo la kutufurahisha sisi watu wa migomba. Mwaka 2003 madaktari wa Mumbai, India, walichapisha matokeo ya kufunika majeraha ya moto kwa jani la mgomba badala ya shashi iliyopakwa vaselini. Jani halikunata kidondani, kulibandua hakukuuma sana, na gharama yake ilikuwa ndogo mno. Ila jani lao lilipikwa kwa mvuke mkali wa hospitali hadi vijidudu vikafa. Lililokatwa sasa hivi nyuma ya nyumba lina vumbi, mabuu na kinyesi cha ndege. Siku hospitali zetu zitakapoanza kuyaandaa, nitakuwa wa kwanza kushangilia.

Moto wenyewe unatoka wapi

Sehemu kubwa unatoka jikoni. Mafiga yako sakafuni, sufuria ya maharage imekaa juu yake tangu asubuhi, na mtoto anayejifunza kutembea anatafuta cha kushika. Chai ya maziwa ikiwekwa mkekani ni hatari sawa na moto wenyewe. Halafu kuna vibatari, kuna mitambo ya gongo inayopasuka, na kuna bomba la moshi la bodaboda linalounguza shavu la mguu wa abiria. Petroli inayouzwa kwenye chupa za maji ya kunywa inastahili onyo lake. Nchi nzima iliona nguvu ya petroli tarehe 10 Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipolipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha.

Wapo pia wanaoungua kimyakimya: watu wenye kifafa. Anaanguka kwenye mafiga akiwa peke yake, hana fahamu ya kujiondoa, na waliopo wakati mwingine wanaogopa kumgusa wakiamini povu lake linaambukiza. Haliambukizi. Mvute utoke naye motoni. Jeraha la namna hii mara nyingi ni la kina, kwa sababu alikaa motoni muda mrefu, na matibabu yake hayatakamilika bila dawa za kifafa. Ukimtibu mkono ukamwacha na degedege lake, atarudi na uso.

Kina na upana

Hospitali watauliza mambo mawili: moto umeshuka kiasi gani, na umeenea kiasi gani.

Ngozi ina tabaka la juu, jembamba, na tabaka la ndani lenye mishipa ya damu, ya fahamu na mizizi ya nywele. Moto ukigusa la juu tu, panauma na kuwasha, basi. Ukifika sehemu ya tabaka la ndani, malengelenge yanatokea na maumivu ni makali. Ukilimaliza lote, ngozi inakuwa nyeupe, kahawia au nyeusi, ngumu kama ngozi ya viatu, na hapo linatokea jambo linalowadanganya wengi: haiumi. Mishipa ya fahamu imekufa. Familia inasema "hata halii, si kubwa sana," kumbe ndilo jeraha baya kuliko yote.

Vitabu vingi vya kigeni vinasema tafuta wekundu. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu hauonekani vizuri mpaka tabaka la juu libanduke na waridi lionekane chini. Kwa hiyo usisubiri wekundu.

Kupima upana, tumia kiganja cha aliyeungua, pamoja na vidole vilivyobanwa. Kiganja hicho ni karibu asilimia 1 ya ngozi yake yote. Cha mtoto kwa mtoto, si cha mama yake. Viganja 10 kwa mtoto, au 15 kwa mtu mzima, ndipo mwili wote unapoanza kuugua na dripu kuhitajika.

Lakini yapo majeraha madogo kuliko hayo ambayo pia hayakai nyumbani:

- ya uso, shingo, viganja, nyayo, sehemu za siri, au yaliyopita juu ya kiungo kama kiwiko na goti;
- yoyote yasiyouma wakati yanaonekana mabaya;
- ya umeme au radi, hata alama ikiwa ndogo;
- ya mtoto mchanga au mzee;
- ya aliyefungiwa na moshi ndani ya nyumba, hasa akiwa na masizi puani au sauti imekauka. Huyu koo lake linaweza kuvimba na kuziba baada ya saa chache. Aende kwanza kabla ya wote.

Saa ya dripu

Hapa ndipo watoto wengi wanapotuponyoka. Ameungua kifua na tumbo saa nne asubuhi. Mchana anaongea, anaomba maji. Jioni amelegea, mikono ya baridi, hakojoi. Watu wanasema amerogwa au ameongezewa kitu. Kilichotokea ni kwamba mishipa ya damu iliyounguzwa imekuwa ikivuja maji tangu asubuhi. Damu imekuwa nzito na chache, na figo zimekosa kazi. Kwa Kiswahili cha hospitali ni mshtuko, yaani damu haitoshi kufika kila kiungo.

Dawa yake ni maji ya dripu, na kipimo chake kinajulikana. Kanuni inayotumika sana ilitoka Hospitali ya Parkland huko Dallas, Marekani: mililita 4, mara kilo za mgonjwa, mara asilimia zilizoungua. Mwanamume wa kilo 60 aliyeungua asilimia 20 anahitaji mililita 4,800 ndani ya saa 24. Nusu yake, mililita 2,400, iingie katika saa 8 za mwanzo.

Saa 8 tangu lini? Tangu alipoungua, si tangu alipofika. Tuseme ameungua saa sita mchana kijijini Kyerwa, bodaboda ikatafutwa, wazee wakashauriana, akafika Hospitali ya Nyakahanga saa kumi jioni. Ile nusu bado inatakiwa iwe imeingia ifikapo saa mbili usiku. Saa nne zimeliwa, na karibu chupa tano za nusu lita zinapaswa kuingia katika saa nne zilizobaki. Ndiyo maana muuguzi atakuuliza kwa ukali kidogo: "Mama, aliungua saa ngapi hasa?" Mjibu ukweli. Wengi husogeza saa mbele kwa kuona aibu ya kuchelewa, au kwa kumhofia baba wa mtoto aliyekwisha kuuliza ulikuwa wapi. Uongo wa saa mbili unabadilisha hesabu ya dripu.

Njiani, kama yu macho na hatapiki, mpe maji ya chumvi na sukari ya pakiti, ORS, kidogo kidogo. Na hospitali wakimwekea mpira wa mkojo usishangae. Mkojo ndiyo saa yao. Mtoto anatakiwa kukojoa karibu mililita 1 kwa kila kilo ya uzito wake kila saa, na mtu mzima nusu ya hapo.

Majeraha makubwa yatapewa rufaa: Bukoba, kwa lami ya Kyaka–Bugene ambayo ni karibu kilomita 60 kabla ya kuungana na barabara ya mjini, au mbali zaidi hadi Chato, au Bugando kule Mwanza. Rufaa isiwe sababu ya kusafiri mkavu. Uliza kama dripu imeanza kabla gari halijawashwa.

Kwa ufupi, hadi hapa

Maji dakika 20. Kitambaa safi. Usipake kitu. Pima kwa kiganja cha mgonjwa. Kumbuka saa aliyoungua. Ondoka mapema.

Wiki za wodini

Wauguzi wana kipimo cha haraka: siku moja ya kulazwa kwa kila asilimia iliyoungua. Aliyeungua asilimia 20 ajiandae kwa wiki tatu, na mwangalizi wake pia. Msimu wa kahawa ukigongana na hilo, ndipo familia zinaposhawishika kumtorosha mgonjwa. Ni afadhali ndugu wapange zamu mapema kuliko mama mmoja abebe yote.

Siku ya kwanza atapigwa sindano ya pepopunda, kwa sababu jeraha la moto ni mlango wazi kwa ugonjwa huo. Baada ya hapo ni kusafisha na kubadilisha bandeji, mara nyingi kwa krimu nyeupe yenye madini ya fedha. Kubadilisha bandeji kunauma kuliko kuungua kwenyewe, wengi husema. Omba dawa ya maumivu itolewe nusu saa kabla, si baada. Ni haki ya mgonjwa, na wauguzi wazuri hawachukii kukumbushwa.

Jeraha lisiloelekea kufunga baada ya wiki tatu litahitaji kupandikizwa ngozi. Daktari anakwangua utando mwembamba sana wa ngozi, kwa kawaida pajani, na kuulaza juu ya kidonda. Paja linapona lenyewe ndani ya wiki mbili hivi. Haichukuliwi ngozi ya ndugu wala ya maiti, kama uvumi unavyosema. Ya mtu mwingine mwili huikataa baada ya muda. Zamani madaktari walisubiri ngozi iliyokufa idondoke yenyewe. Aliyebadilisha hilo ni Zora Janžekovič, daktari wa mji wa Maribor, Slovenia, aliyeonyesha miaka ya 1960 kwamba kuikata mapema na kupandikiza mara moja kunapunguza usaha, maumivu na vilema. Kwa hiyo daktari akikuambia upasuaji ufanyike sasa, hana haraka ya bure.

Chakula nacho ni tiba. Mwili unaojenga ngozi upya unateketeza nguvu nyingi kuliko kawaida, na unadai vyakula vya kujenga mwili. Ndizi peke yake hazitoshi. Maharage, maziwa, mayai, dagaa, karanga, nyama ikipatikana. Na kama ni msimu wa senene, mletee senene, maana zina protini nyingi na anazipenda. Mwiko wa kumnyima mgonjwa wa kidonda mayai au nyama umewadhoofisha watu wengi.

Kidonda kimefunga, mkono haunyooki

Sasa tufike kwenye lile linalosahauliwa. Mgonjwa ameruhusiwa, kidonda kimefunga, nyumbani wanashukuru. Miezi mitatu baadaye kidevu kimeanza kushuka kuelekea kifuani. Vidole vimejikunja viganjani. Kwapa limejibana kiasi kwamba mkono hauinuki kuvaa shati.

Kovu la moto linavuta. Kila siku, kwa miezi mingi, linajifupisha, na likipita juu ya kiungo linakikunja. Na mgonjwa mwenyewe bila kujua analisaidia, kwa sababu mkao usiouma ni ule wa kujikunja. Mtoto aliyeungua shingo anataka mto mkubwa kichwani. Aliyeungua kiwiko anakikumbatia kifuani. Mama kwa huruma anamwachia, na huruma hiyo ndiyo inayomlemaza.

Kanuni ni kukilaza kiungo kinyume na kovu linakotaka kwenda, kuanzia siku ya kwanza wodini:

- shingo: hakuna mto; kanga iliyokunjwa iwe chini ya mabega ili kichwa kirudi nyuma;
- kwapa: mkono utanuliwe mbali na mwili, hata wakati wa kulala;
- kiwiko na goti: vinyooshwe;
- vidole: kila kimoja kifungwe bandeji yake, la sivyo vitaungana;
- kifundo cha mguu: unyayo usimame, usilegee kama wa mtu anayecheza ngoma kwa ncha ya vidole.

Usiku, kiungo kinashikiliwa kwa banzi, yaani kipande cha ubao laini au cha P.O.P., lile hogo wanalofungwa waliovunjika, lililofungwa juu ya bandeji. Mchana banzi linatolewa na kiungo kinachezeshwa. Mtaalamu wa fiziotherapia, yaani wa mazoezi ya viungo, ndiye mwalimu wa kazi hii. Usiondoke hospitali bila kumwona na kuonyeshwa kwa vitendo. Nyumbani mazoezi yageuke kazi na mchezo: mtoto achume majani ya juu, atandaze maharage kuanika, akunje na kukunjua ngumi akihesabu. Atalia. Mfanyishe hivyo hivyo, mara kadhaa kwa siku, baada ya kulipaka kovu mafuta na kulikanda.

Na hapa hatimaye swali la kupaka linapata nafasi yake. Kovu lililofunga kabisa halina tezi za mafuta; linakauka, linapasuka na kuwasha hadi mtu halali. Vaselini au mafuta ya parachichi, mara tatu kwa siku, yanatosha. Likinge na jua kwa kanga au shati la mikono mirefu.

Kovu linaendelea kubadilika kwa mwaka mmoja hadi miwili, ndiyo maana banzi na mazoezi havikomi baada ya mwezi. Kama kiungo kimekwisha kujikunja, bado kuna upasuaji wa kukifungua. Hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, wanaufanya, na Bugando pia ipo kwa watu wa Kanda ya Ziwa. Lakini mtoto akiachwa miaka mingi, mifupa inakua ikifuata umbo la kovu, na kazi ya daktari inakuwa ngumu mara dufu.

Shule isisubiri kovu lifutike. Mzazi atangulie kuongea na mwalimu, mwalimu aongee na darasa kabla mtoto hajaingia. Wenzake wakishaambiwa kilichotokea na kwamba hakiambukizi, utani hupungua.

Kovu la miaka mingi

La mwisho linawahusu watu wazima walioungua zamani, hata utotoni, ambao kovu lao limekuwa na kidonda kinachofunga na kufunguka tena. Mara chache, lakini si mara chache za kupuuzwa, kidonda cha namna hiyo hugeuka saratani ya ngozi, wakati mwingine miaka 20 au 30 baada ya moto. Hakiumi sana mwanzoni; kingo zake huvimba na kutoa harufu. Kikiwahiwa, hukatwa na kuisha. Kama una kidonda juu ya kovu la moto na kimepita mwezi bila kufunga, nenda Nyakahanga au hospitali ya wilaya yako wiki hii, umwombe daktari akate kipande kidogo kikapimwe maabara.